Sura ya Saba: Picha Nane za Marehemu

Kompyuta haikatai kwa ukali. Hukataa kwa adabu, kama matroni anayekuambia kwa sauti ya chini kwamba ruhusa yako ya kwenda nyumbani imefutwa. Katika ofisi ya Idara ya Elimu, Inspekta alibofya tena. Kidirisha cheupe kikajitokeza katikati ya kioo, kikasema faili haliwezi kufunguliwa, kisha kikamwachia kitufe kimoja tu cha kubonyeza: Sawa.

“Sawa yako mwenyewe,” Inspekta akaiambia.

Kituoni walimwita Kobe. Halikuwa jina la matusi. Mwanamke huyu hajawahi kuonekana akikimbia, na hajawahi kuonekana akichelewa, na wahalifu waliomcheka kwa sababu ya kwanza walikuwa gerezani kwa sababu ya pili. Lakini leo Kobe alikuwa anaitazama saa ya ukutani, na saa ya ukutani ilikuwa inamtazama yeye.

Alasiri hii wasichana wangeingia bweni jipya. Bweni lenyewe lilikuwa la ghorofa nne na bado lilinuka rangi. Jumanne mkaguzi wa majengo wa Idara ya Elimu alikwenda kulikagua, akapiga picha nane, akazituma idarani kwa barua pepe. Usiku ule alikula chakula chake akiwa mzima, akamwambia mkewe, “Wale watoto hawaingii mle mpaka mimi nife.” Jumatano asubuhi alirudi bwenini, na wafagizi wakamkuta chini, juu ya kokoto, kamera yake imepondeka na kadi ya picha haimo. Jumatano jioni mfumo wa kompyuta wa idara ukasasishwa. Alhamisi akazikwa. Na leo Ijumaa hapakuwa na mtu idarani aliyeweza kufungua kiambatisho, kiwe cha marehemu au cha walio hai.

Mkuu wa Inspekta alikuwa amesema neno moja kwenye simu na kukata: “Picha.” Bila picha, bweni halifungwi. Kilio cha mjane si ushahidi.

Mlango ulifunguka bila kubishwa hodi. Aliingia Naibu Mkurugenzi, suti ya kijivu, viatu vinavyong’aa kiasi cha kujitazama ndani yake ukachana nywele. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa safarini, kwa hiyo wiki hii Naibu ndiye aliyekuwa jua, mwezi na umeme.

“Bado tu, Inspekta?” Alikuwa na sauti nzito, ya kutangazia matokeo ya mitihani.

“Bado, mheshimiwa.”

“Pole. Hizi mashine ni kama wakwe. Ukizijali zinakununia.” Akacheka peke yake, akamaliza peke yake. “Mimi nakwenda kuwapokea watoto. Nimekuja kukuaga tu.”

“Wewe hizo picha uliziona?”

“Mimi? Sikuziona, mama. Mimi na viambatisho wapi na wapi.” Alishika kitasa, akageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. “Ila ukitaka ushauri wangu, mhoji yule fundi wa kompyuta. Kabla hajaugusa mfumo, kila kitu kilifunguka. Simsemi mtu. Nasema tu.”

Akaondoka. Harufu ya marashi yake ilibaki chumbani kama mtu wa pili.

Fundi wa kompyuta aliitwa Waya, na aliyempa jina hilo hakujichosha kufikiri. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shingoni alining’iniza nyaya za rangi tatu. Alisimama mbele ya meza kama aliyeitwa ofisi ya mwalimu wa nidhamu.

“Kaa, Waya.”

“Nashukuru, afande, lakini sijalala tangu Jumatano. Nikikaa nitalala, nikilala mtasema nimezimia kwa hatia.”

“Nani amesema una hatia?”

“Kila mtu. Hata mpishi wa chai amenipimia sukari kwa jicho baya.”

Inspekta alifungua daftari lake. “Ulianza kwa kujaribu nini?”

“Nilizima nikawasha. Nikajaribu kompyuta nyingine, nyingine tena. Nikaweka upya programu ya picha. Mwisho nikaliondoa lile sasisho kwenye kompyuta moja, nikaurudisha mfumo wa zamani.”

“Ikawaje?”

“Vikafunguka.”

“Vyote?”

Waya alizichezea nyaya zake. “Nilijaribu viwili vitatu. Vya ukaguzi wa vyoo.”

“Vya marehemu je?”

“Vya marehemu naviogopa, afande.”

“Akaunti yake mwenyewe ya barua pepe iko wapi? Kilichotumwa hubaki kwa aliyetuma.”

“Nimeifuta Alhamisi. Niliagizwa. Utaratibu wa usalama, mtumishi akifa.”

“Aliagiza nani?”

“Naibu.”

“Na huwa mnazifuta haraka hivyo?”

“Mzee wa stoo alifariki mwaka juzi,” alisema Waya. “Mpaka leo anapokea mialiko ya semina.”

Inspekta aliandika bila kuinua uso. Fundi anayefuta akaunti ya mtu aliyekufa jana yake ni fundi wa kutazamwa. Fundi anayekuambia mwenyewe kwamba ameifuta ni wa kutazamwa mara mbili, kwa sababu ni mjinga au ni mjanja sana. Akamvutia kiti kando yake.

“Sasa tutafanya kazi ya kipumbavu. Tunafungua kimoja kimoja, kuanzia juu, na kila kinachokataa unanisomea kimesema nini. Neno kwa neno.”

Walianza. Nje wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati, na chumba kikaingia giza la mchana, lile linalowafanya watu waseme polepole bila kuagizwa. Waya alisoma: “Hakuna programu inayotambua aina ya faili hili.” Kinachofuata: “Hakuna programu inayotambua aina ya faili hili.” Vyoo, uzio, madawati, paa la maktaba, vyote wimbo mmoja. Kisha wakafika kwenye ujumbe wa bweni jipya, wenye viambatisho vinane, na Waya akafungua kinywa kuimba wimbo uleule, akasita.

“Soma.”

“Faili limeharibika.”

“Na cha pili?”

“Limeharibika. La tatu limeharibika. Yote manane, afande.”

Inspekta aliweka kalamu chini. “Waya, wodi nzima hii ina mafua. Hawa wanane wana kichaa cha mbwa. Nani kawalaza pamoja?”

Siku mbili nzima idara ilikuwa ikilalamikia ugonjwa mmoja, kumbe yalikuwa mawili, na wa pili ulijificha kwenye matanga ya wa kwanza. Kifo cha wengi harusi. Kila mtu alilia viambatisho vyake, hakuna aliyeona kwamba vinane vilikufa kifo tofauti.

“Anza na mafua,” alisema Inspekta. “Kwa nini mfumo mpya hauvitambui?”

Waya aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akapiga paji lake la uso kwa kofi ambalo lingemwamsha marehemu.

“Havina mikia! Afande, jina la faili lina mkia wake. Nukta, halafu herufi tatu nne. Huo ndio unaoiambia kompyuta, hii ni picha, hii ni barua. Mfumo wa zamani ukikuta mkia haupo, ulinusa ndani wenyewe ukajua. Huu mpya hauna pua. Unatazama mkia tu. Sasa tazama: ‘Vyoo vya Wavulana Baada ya Mvua.’ Basi. Jina limeishia hapo.”

“Nani kakata?”

Wote wawili waliutazama mlango wa chumba cha pili, kulikosikika mlio wa vitufe vikipigwa kwa haki na usawa.

Mama Pacha, katibu muhtasi, aliingia na miwani yake kifuani. Alikuwa ameitunza idara ile tangu enzi za mashine ya taipu, na wanawe mapacha walikuwa wamezaliwa, wakasoma na kuota ndevu akiwa kwenye kiti kilekile.

“Nimekata mimi,” alisema bila kupepesa. “Kwani kosa? Unaandika jina zuri la kueleweka, halafu mwisho wake limening’inia dude, nukta na vidudu vya kizungu. Uchafu! Kila kinachoingia idara hii nakipokea mimi. Nakihifadhi, nakipa jina la maana, nakata ule uchafu, ndipo nakituma kwenye sanduku la idara. Kile cha mwanzo nakifuta, nafasi haitoshi.”

“Mama,” alisema Waya kwa unyenyekevu wa kutisha, “umenifanya nikeshe siku mbili.”

“Ungekuja kuniuliza. Mdomo unao.”

“Rudisha mkia mmoja,” aliagiza Inspekta.

Waya aliandika nukta na herufi tatu mwishoni mwa jina, akabofya. Vyoo vya Wavulana Baada ya Mvua vikajaza kioo chote, kwa utukufu wake wote, na watu watatu wazima wakarudi nyuma hatua moja.

“Funga,” alisema Inspekta. “Mafua yamepona. Sasa, Mama, njoo uwaone hawa wanane.”

Mama Pacha alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza, ‘Bweni Jipya Nguzo ya Kwanza’, na mwisho wake, wazi kabisa, kukining’inia nukta na herufi za picha. Alisoma wa pili. Midomo yake ikakaza.

“Huu mkia si wangu.”

“Ujumbe umetoka kwako. Jina lako hili hapa.”

“Jina ni langu. Mkia si wangu. Na mimi sikuandika nguzo ya kwanza, nguzo ya pili, kama chekechea. Marehemu alizitaja mwenyewe, ya mashariki, ya ngazini, nami nikafuata. Mtu amefuta ujumbe wangu akaweka wake.”

“Picha zenyewe uliziona?”

“Ndogondogo tu, ukuta na ukuta. Mimi sikodoi macho kwa kila kinachopita hapa, ningekuwa nimeshazeeka. Nilimchapia Naibu kwenye karatasi, nikampelekea mkononi Jumanne hiyohiyo.”

Inspekta aliandika maneno mawili daftarini, ‘Mimi? Sikuziona’, akayapigia mstari. Kisha akaonyesha tarehe ya ujumbe.

“Huu umetumwa Alhamisi mchana. Ulikuwa wapi?”

“Makaburini. Idara nzima ilikuwa makaburini.”

“Kompyuta ya Mama inafunguliwa kwa neno la siri, Waya, siyo? Na baada ya sasisho?”

“Paswedi za zamani zote zilikufa, afande. Alhamisi asubuhi niligawa mpya, kila mtu na bahasha yake. Mama alikuwa ameshatangulia kwa mjane kusaidia, basi ya kwake nikamwachia…” Sauti ya Waya ilipungua kama redio inayoishiwa betri. “Nikamwachia Naibu ampe.”

“Amenipa leo asubuhi,” alisema Mama Pacha. “Imefungwa vizuri kwa gundi.”

“Gundi?” Waya alisimama. “Mimi gundi sina, Mama. Mimi nabana kwa stepla.”

Kikapu cha taka kilipinduliwa. Bahasha ilikuwa chini ya maganda ya karanga. Inspekta aliishika kwa ncha za vidole na kuiinua dhidi ya mwanga mchache wa dirishani. Kwenye kona ya kifuniko, juu ya gundi iliyokauka, palikuwa na vitundu viwili vidogo sana, mahali palipowahi kukaa pini.

“Naibu alikuwepo mazikoni?”

“Alikuja tunamalizia udongo. Alisema ni foleni.” Mama Pacha alivua miwani na kuifuta bila sababu. “Lakini hotuba aliyoitoa! Bila karatasi. Watu walilia. Hata mimi nililia.”

Mvua ilianza, matone machache mazito, kama mtu anayehesabu juu ya bati. Inspekta alirudi kwenye kioo.

“Mtu huyu angeweza kufuta ujumbe na kuishia hapo. Kwa nini aweke vingine?”

“Ningeuliza,” alisema Mama Pacha mara moja. “Nilijua vilikuwepo. Kikikosekana kitu kwenye sanduku langu hakulaliki hapa.”

“Lakini vikiwepo na visifunguke?”

“Ningesema ni Waya.”

“Asante, Mama,” alisema Waya.

“Ameweka nini, basi? Faili haliwi tupu. Kuna kitu humo ndani.”

Waya alikwisha kuanza kazi. “Kwanza, yana uzito mmoja yote manane. Mmoja kabisa.”

“Haiwezekani,” alisema Mama Pacha. “Wanangu walitoka tumbo moja na hawakulingana uzito.”

“Ndiyo maana yake. Ni faili moja, limenakiliwa mara nane, likavalishwa mkia wa picha. Hajui kwamba wewe hukata mikia, Mama, kwa sababu yeye hafungui, hupelekewa karatasi. Alidhani picha lazima iwe na mkia, akaweka.” Vidole vyake vilikimbia. Kioo kilijaa herufi zisizosomeka, kama maombi ya mlevi, ila mstari wa kwanza kabisa Waya aliutambua. “Hii si picha, afande. Hii ni sauti. Imerekodiwa kwa simu.”

“Mpe mkia wake wa haki.”

Waya alifuta, akaandika, akabofya. Hapakutokea kidirisha cheupe.

Kwanza palisikika kikohozi. Kisha glasi ikiwekwa juu ya meza. Kisha ile sauti nzito, karibu sana, kama mwenyewe amesimama nyuma ya viti vyao.

“Ndugu waombolezaji. Leo idara yetu imepoteza nguzo. Mkaguzi wetu, rafiki yetu, amekutwa na mauti akiwa kazini, alipoteleza na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu…”

Kimya. Pumzi.

“Hapana. Ya nne.”

Kikohozi kingine. “Alipoteleza na kuanguka kutoka ghorofa ya nne.”

Waya alisimamisha. Mvua ilisikika upya.

“Ndiyo yenyewe,” alinong’ona Mama Pacha. “Ndiyo hotuba ya makaburini. Hujirekodi hotuba zake zote, halafu hujisikiliza garini. Atakuwa aliokota faili la kwanza lililompitia mkononi. Lakini… ni kawaida yake, si kitu. Alijitayarisha baada ya msiba, basi.”

“Tarehe, Waya.”

Waya alitafuta. Alipoipata hakuisoma kwa sauti, aliigusa tu kwa kidole, na Inspekta akaisoma mwenyewe. Jumanne, jioni.

“Jumanne alikuwa hai,” alisema Mama Pacha. “Jumanne alikuwa anakula na mkewe.”

“Tarehe inaweza kudanganya?” aliuliza Inspekta.

“Ya nje inadanganya, afande. Hii ni ya ndani, simu yenyewe huipiga mhuri wakati unaanza kusema. Watu wengi hawajui kama ipo.”

Inspekta alichukua simu, akaiweka spika na kumpigia Sajini wake aliyekuwa zamu bwenini. Hakukimbia, lakini kiti alichokuwa amekalia kilianguka na hakuna aliyekiokota.

“Sajini. Uko wapi?”

“Getini kwa bweni, afande. Mabasi yameshashusha. Naibu yuko kwenye kipaza sauti, anawakaribisha.” Nyuma yake ile sauti ilikuwa ikiendelea, ikitaja maendeleo na nidhamu.

“Wasichana wako wapi?”

“Ndani, afande, tangu mvua ianze. Wanagombania vitanda vya juu.”

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

“Sikiliza. Jengo hilo ni mahali alipouawa mtu. Kuanzia sasa nalifunga kama eneo la uhalifu. Mtoe kila mtu.”

“Kwa karatasi ipi, afande?”

“Kwa mdomo wangu. Karatasi inakuja na gari.”

“Nipige kengele ya chakula? Watatoka kama siafu.”

“Usithubutu!” Ilikuwa mara ya kwanza Waya kumsikia akipaza sauti. “Watakimbia. Mkaguzi amekufa kwa sababu ya nguzo za jengo hilo, na moja iko ngazini. Mia tatu wakikimbia kwa pamoja, sijui kitakachotokea na sitaki kujua. Nataka washuke polepole.” Alifumba macho, akafikiri, akafumbua. “Tangaza ukaguzi wa kucha. Uwanjani, mstari mmoja, mikono mitupu.”

Hakuna msichana wa bweni aliyewahi kukimbilia ukaguzi wa kucha. Simu ilibaki wazi. Walisikia Sajini akitangaza, walisikia mguno mkubwa wa mia tatu, kisha ndala, moja moja, zikiburuzwa ngazini kwa uvivu wote wa dunia. Ilikuwa sauti nzuri kupita zote. Ile ya kipaza sauti ilikuwa imekatika.

Baadaye simu ikanyakuliwa.

“Inspekta! Fedheha gani hii? Kwa amri ya nani unanitolea watoto kwenye mvua?”

Inspekta alisogeza simu mpaka kwenye spika ya kompyuta na kumwashiria Waya. Kikohozi. Glasi juu ya meza. Ndugu waombolezaji.

Upande wa pili alisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale pa ‘Hapana, ya nne’. Kisha Naibu akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu idarani aliyewahi kuisikia:

“Mimi nilijua hayo hayafunguki.”

“Mpe Sajini simu,” alisema Inspekta. “Na usiondoke hapo ulipo.”

Sajini alikuwa anahema. “Nimemshika mkono, afande. Lakini wamebaki wawili ghorofa ya nne. Wanapiga kelele dirishani kwamba kucha zao ni safi.”

“Mwachie askari mwingine. Wapandie wewe. Polepole.”

Walisikiliza buti zikipanda. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Mahali fulani kati ya ya pili na ya tatu kitu kilianguka, kidogo, kama plasta, na buti zikasimama. Waya alikuwa ameng’ata waya wa kijani. Mama Pacha alikuwa anawataja wanawe kwa majina, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Buti zikaendelea.

Kisha zikaanza kushuka, na ubavuni mwake ndala jozi mbili, zikipigapiga ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka mlio wa saruji ukageuka mlio wa matope.

“Wote, afande,” alisema Sajini. “Wote wako nje.”

Na nyuma yake, katikati ya mvua, sauti ya msichana iliyojaa uchungu wa kuonewa:

“Haya tumeshuka. Mbona sasa hamzikagui?”